Chomoa Waya Kwanza

Mimi ni Mwalimu Anastasie. Ninafundisha watu wazima kusoma na kuandika hapa Mubi, katika nyumba ya mbao nyuma ya kanisa. Wanafunzi wangu wanakuja saa tisa, kazi za shamba na za soko zikipungua. Wengine wanakuja na mtoto mgongoni. Mama Constance alikuwa anakuja na maharage.

Ndiyo, maharage! Alikuwa anaweka ungo magotini, anachambua huku anasoma. Jiwe anatupa, neno anashika. Siku ya kwanza nilimkataza. Akanicheka.

"Mwalimu, mikono yangu haijue kukaa bure," alisema. "Ikikaa bure, kichwa nayo inalala."

Nikamwacha. Baada ya miezi minane alijua kusoma kuliko wale walioacha maharage nyumbani.

Mama Constance na mume wake, Papa Straton, walikuwa watu wa Nyamitaba, kule kwenye milima ya Masisi. Kule kuna baridi, kuna majani mazuri, kuna ng'ombe. Vita ilipofika kwenye kilima chao, walitembea siku nyingi mpaka huku upande wa Walikale, kwenye msitu na joto. Walifika watatu: Straton, Constance, na binti wao Astrid. Astrid alikuwa na miaka ishirini. Alikuwa amemaliza shule, na alijua kuandika kwa mashini, vidole kumi vyote. Huku kwetu ordinatere ya kubeba, yaani kompyuta, tunaiita mashini tu.

Ng'ombe wao wa mwisho, Bihogo, aliuzwa njiani. Straton alifunga zile pesa ndani ya kipande cha kitenge. Hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa.

"Ile si pesa, ile ni Bihogo," alikuwa anasema. "Itatoka tu ikipata kitu yenye kuzaa."

Siku moja Astrid alimwambia, "Papa, tununue mashini. Hapa Mubi bantu wanatafuta muntu wa kuwaandikia. Barua, liste za shule, programu za ndoa, programu za kilio. Nitafungua sekretaria. Meza moja, mashini moja."

"Na hiyo mashini inazaa?"

"Inazaa kila siku, Papa."

Straton alikuna kidevu. Alimtazama mke wake. Mama Constance alikuwa ameketi mlangoni, miguu juu ya kigoda. Miguu ilikuwa imevimba. Alianza kuvimba miguu, halafu mikono, halafu akawa anapumua kama mtu aliyepanda mlima. Muuguzi wa sentre ya afya alimpa dawa. Alisema moyo wake umechoka.

"Umununulie mutoto mashini," Constance alisema. "Na mimi niko na kazi yangu juu yake."

"Kazi gani?"

"Kuandika karatasi yangu ya kilio."

Niwaeleze. Kwetu, mtu akifa, siku ya kilio mtu wa jamaa anasimama mbele ya watu na kusoma maisha ya marehemu. Alizaliwa wapi, alibatizwa lini, aliacha watoto wangapi. Karatasi hiyo inaandikwa mbio mbio na mtu aliyechoka kulia. Inakosea miaka, inasahau majina. Mama Constance alizisikia nyingi, maana vita haikutunyima vilio. Kila mara alikuwa anarudi nyumbani na hasira.

"Usiseme maneno ya kifo, mama Astrid," Straton alisema.

"Nisiseme sababu gani? Nani atanisema muzuri kupita mimi mwenyewe?"

Hata Straton alicheka. Lakini alikwenda kuleta kile kitenge.

*

Siku ya soko, Straton na Astrid walikwenda kununua. Mfanyabiashara mmoja mpita njia alikuwa amepanga mashini tatu juu ya meza. Zilikuwa za mitumba, zilizotumiwa Ulaya. Zote zilikuwa na waya, na waya zote zilikwenda kwenye jenereta iliyounguruma nyuma yake.

Astrid alionyesha ndogo ya kijivu. "Papa, hii."

"Hii?" Straton aliinyanyua kwa mkono mmoja. "Astrid, hii ni ndama iliyokosa maziwa!"

Aliiweka chini na kwenda kwenye ile kubwa. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, mfuniko wake kama kioo cha kujitazamia. Aliinyanyua kwa mikono miwili akapima uzito wake. Aliipapasa mgongoni. Aliigonga kwa kidole, akasikiliza. Ninyi mliozaliwa Nyamitaba mnajua alikuwa anafanya nini.

"Hii njo mashini," alisema, na njo kwetu ni ndiyo. "Hii hata mwizi atatupa njiani."

Astrid aliuliza, "Na batri, iko muzima?"

"Dada, si unaona inawaka?" mfanyabiashara alisema.

Ilikuwa inawaka kweli. Waya ilikuwa ubavuni mwake. Astrid alijifunza kuandika kwenye mashini za shule zenye waya ukutani mwaka mzima, na hakufikiri kuomba waya itolewe. Halafu baba yake alikuwa amekwisha kufungua kitenge. Nani angeweza kumsemesha?

Ninakasirika kila nikifika hapa. Kazi ya kuchomoa waya ingechukua muda wa kupiga chafya.

Walipofika nyumbani, kwa umeme wa jirani, walijua. Waya ikitoka, mashini inakufa papo hapo, kama mtu aliyezimwa taa. Walirudi sokoni mbio. Mfanyabiashara alikuwa amepanda lori, amekwenda.

"Si kitu," Straton alisema. Alikuwa na aibu, na mtu mwenye aibu anasema si kitu. "Itafanya kazi na waya. Hata mutoto anaanza kwa kushikwa mukono."

Basi Astrid aliweka meza yake ndani ya chumba kimoja karibu na jenereta ya jirani, iliyowaka kila siku kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili jioni. Watu walikuja. Barua ziliandikwa. Straton alikuwa anapita pale kila siku, mikono mgongoni, akiwaambia wateja, "Mumeona ukubwa yake?"

*

Mama Constance alianza kusema karatasi yake. Alikuwa anakuja pole pole, akishika bega la mume wake, na kuketi karibu na meza. Yeye anasema, Astrid anaandika. Siku mbili nilikwenda kusikiliza. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

"Andika: nilizaliwa siku ya mvua ya mawe. Mawe iliua kuku ya nyanya yangu, nayo nyanya akasema mimi njo nililipa kuku. Andika: niliolewa na Straton. Siku ya kuposa alivaa viatu vya kuazima, vikamubana, akakaa anainua muguu moja kama korongo. Baba yangu alizani iko na heshima sana."

"Mama! Nitasoma ile mbele ya padiri?"

"Utasoma. Padiri nayo anavaaka viatu."

Alitaja watoto wawili waliozikwa Nyamitaba, na miti iliyopandwa juu ya makaburi yao, ili asiyejua njia aulize miti. Pale hatukucheka. Astrid aliandika machozi yakidondoka juu ya vidole.

Siku ya nne mama alisema, "Sasa mutoke wote. Ile inabakia ni ya baba yako. Ninaandika mwenyewe."

Utauliza: kwa nini hakuandika kwa kalamu, kama nilivyomfundisha? Vidole vyake vilivimba sana. Kalamu ilikuwa inamtoka. Lakini kubonyeza herufi moja, halafu nyingine, aliweza.

Astrid alimwonyesha herufi ziko wapi. Mama alitafuta na kubonyeza, akatafuta na kubonyeza, mpaka mstari mmoja ukatokea. Astrid alihifadhi kazi, maana alikuwa na desturi ya kuhifadhi kabla ya kunyanyuka. Halafu alitoka. Hakumfundisha mama kuhifadhi. Alidhani atarudi kufanya mwenyewe.

Tulikaa nje. Straton alikuwa anamenya muwa. Tulisikia ndani: tk. Kimya. Tk. Tk. Ilidumu saa moja nzima na zaidi.

"Anaandika nini mingi vile?" Straton aliuliza, na uso wake ulikuwa wa kijana. "Labda ananihesabia makosa."

Halafu jenereta ilikohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza. Mafuta yalikuwa yamekwisha.

"Astrid," mama aliita kutoka ndani, "mashini imefunga macho."

Astrid alisimama. Aliweka mkono kinywani.

"Mama, uliandika mingi?"

"Nilikuwa karibu kumaliza. Si kitu, mutoto wangu. Kesho nitaandika tena. Sasa najua herufi ziko wapi."

Lakini kesho mafuta hayakuja. Vita ilifunga barabara, malori yakabaki nyuma ya mapigano. Mubi nzima ilinyamaza. Jirani alifunika jenereta yake kwa gunia.

Astrid alibeba ile mashini kubwa kichwani mpaka kwa Papa Callixte, katekista. Callixte alikuwa na pano moja ya umeme wa jua juu ya bati, na kisanduku cha kugeuza umeme. Alikuwa anashariji simu za watu. Waliingiza waya. Kisanduku kililia wiii! kikajizima. Walijaribu tena. Wiii!

"Mashini yenu inakula sana," Callixte alisema kwa huzuni. "Pano yangu ni ya simu na ya vitu vidogo. Ingekuwa mashini ndogo, ingekunywa hapa bila shida."

Astrid hakumwambia baba yake maneno hayo. Ninajua, kwa sababu aliniambia mimi.

Mama Constance alilala, hakutoka tena kitandani. Siku ya tano tangu jenereta inyamaze, Straton alikaa karibu naye na kikombe cha uji.

"Mama Astrid, uniambie kwa mudomo. Niko hapa. Masikio iko wazi."

Alitikisa kichwa. Alikuwa anatabasamu.

"Nikikuangalia usoni nitakosa maneno. Tangu zamani unanijua. Njo maana niliandika. Ngojea kidogo. Mafuta itafika."

Alifariki siku ya sita, asubuhi. Uji ulikuwa bado na moto.

Mafuta yalifika siku ya kumi.

Kwenye kilio hapakuwa na karatasi. Watu wote walikuwa wamesikia kwamba Mama Constance ameandika yake, na macho yao yalikuwa yanakwenda pembeni, kwenye ile mashini iliyofunikwa kitambaa. Straton alisimama. "Alikuwa Constance," alisema. "Alilima. Alizaa. Alijua kusoma." Alitafuta neno lingine, akakosa, akaketi. Nimehudhuria vilio vingi katika vita hii. Kile kilinivunja.

*

Malori yalipofika, yalimleta Mama Kavuo. Ni mfanyabiashara wa Butembo. Ana duka hapa Mubi: vitenge, simu, na mashini za mitumba. Alikuwa amekwenda kwao kuleta vitu wakati Straton alinunua ile yake. Alikuja kutoa pole na sukari na mchele, kama desturi. Alikaa akisali rozari.

Straton alimwambia, "Mama Kavuo, uchukue ile mashini. Uitupe mu mto."

"Kwanza niione, Papa."

Walikwenda dukani wote watatu, nami nikafuata. Kavuo aliingiza waya. Mashini iliwaka, nzuri, inang'aa. Halafu alichomoa waya. Ikafa.

"Batri yake ilikufa zamani," alisema. "Hata kabla ya kufika Afrika, labda."

"Ule muntu alituambia iko muzima," Astrid alisema.

Kavuo alimgeukia Straton. Aliuliza kwa upole, bila kumcheka.

"Papa Straton, kule kwenu Nyamitaba unanunuaka ng'ombe namna gani?"

"Ninaangalia macho," Straton alijibu. "Meno. Kiwele. Ninamupapasa mugongo. Halafu ninafungua kamba, atembee. Ng'ombe yenye kufungwa kwa muti, zote zinaonekana nzima. Mupaka ufungue kamba, ni pale..."

Hakumaliza. Alitazama waya iliyokuwa mkononi mwa Kavuo. Aliitazama kama anaiona mara ya kwanza.

"Nilinunua ng'ombe kwenye kamba," alisema. "Mimi Straton."

Alivua kofia, akafunika uso, akalia. Alilia kwa sauti. Hata kwenye kilio hakulia vile. Kavuo aliendea mlango, akaufunga, wateja wakangoja nje.

Alipotulia, Kavuo aliingiza waya tena.

"Tuangalie kama maneno yake iko ndani."

Astrid alifungua. Maneno yalikuwepo. Mvua ya mawe, kuku, viatu vya kuazima, makaburi mawili na miti yake. Mwishoni kabisa kulikuwa na mstari mmoja, bila nukta:

*straton bwana yangu nataka ujue ya kuwa*

Hakukuwa na kitu tena. Astrid alitafuta chini. Alitafuta juu. Kavuo alitafuta kwa njia zake, akifungua hiki na kile. Mwisho alitikisa kichwa.

"Ile yenye haikuhifadhiwa haiko. Inakaaka mu kichwa ya mashini wakati iko na umeme. Umeme ikikatika, inasahau. Kama batri ingekuwa muzima, ingemungojea mama."

"Ni mimi," Astrid alisema. "Sikumuonyesha kuhifadhi. Kubonyeza mara moja tu! Sikumuonyesha."

"Ni mimi," Straton alisema.

Walisemezana hivyo, kila mmoja akivuta kosa kwake. Mimi nilitoka nje.

*

Niliporudi, Kavuo alikuwa ameweka mashini nyingine juu ya meza. Ilikuwa ndogo. Ilikuwa na mkwaruzo mrefu, na herufi mbili zilikuwa zimefutika kwa kutumiwa.

"Usiniuzie kitu leo, Mama Kavuo," Straton alisema. "Moyo haiko."

"Siuzi. Ninafundisha. Astrid atakula nini kesho? Kazi yake inamungojea. Papa, mashini ya bei ndogo haikupe yote. Yenye kukupa yote, bei yake ni ya ng'ombe watano. Ukichukua kioo kikubwa, unapoteza batri. Ukichukua nyepesi, unapoteza nafasi ya kuweka vitu. Basi usiulize, ni gani muzuri? Ujiulize: nitaifanyia kazi gani, wapi, na kitu gani siwezi kukosa?"

Straton alitazama ule mstari uliokuwa bado kwenye kioo cha ile kubwa.

"Batri," alisema.

"Ni vile. Huku umeme ni wa saa ine, siku yenye mafuta iko. Batri njo mbele. Lakini usiamini mudomo ya muuzaji, hata yangu." Alichomoa waya ya ile ndogo na kuiacha ikiwaka. Aliagiza chai. "Tunywe pole pole. Tutaona imepoteza ngapi."

Tulikunywa chai. Astrid aliuliza, na Kavuo akajibu. Alionyesha namba iliyoandikwa kwenye sharjeri ya kila mashini, namba ya wati. Ya kubwa ilikuwa mia moja na ishirini. Ya ndogo ilikuwa arobaini na tano.

"Ndogo inakunywa kidogo. Hata pano ya Papa Callixte itaibeba."

Astrid aliinamisha kichwa.

"Halafu barabara yetu," Kavuo aliendelea. "Ile kubwa, ndani yake mule kuna sahani inazunguka. Uibebe juu ya pikipiki mupaka Walikale mujini, mashimo yote ile, siku moja sahani inavunjika, maneno yote inaenda. Hii ndogo haina kitu ya kuzunguka. Inavumilia kutikiswa. Lakini nafasi yake ni kidogo. Filme mingi haitaingia."

"Filme za kazi gani?" Astrid alisema.

"Njo vile! Ile kasoro haikuumize. Na memwari yake ni giga nane. Ingekuwa ine, barua ingeandika, lakini ukifungua vitu viwili inachoka."

"Na ubaya yake?" Straton aliuliza. Nilifurahi kusikia anauliza.

"Kioo ni kidogo, macho itachoka. Iko na sura mbaya. Batri si mupya, itakupa masaa ine, haitakupa nane. Na herufi hizi mbili zimefutika. Astrid, ubonyeze zote, moja moja, uone kama kuna yenye inakataa."

Astrid alibonyeza zote. Hakuna iliyokataa. Chai ilikwisha, maongezi yakaendelea, na ndogo ilikuwa bado inawaka juu ya meza bila waya. Kavuo alionyesha namba ya batri pembeni ya kioo. Ilishuka kidogo tu.

"Na ile kubwa?" Straton aliuliza. "Nani ataitaka?"

"Mimi. Dukani kwangu inakaa juu ya meza, waya ndani siku nzima, mapano yangu ni makubwa. Kwangu haitatembea. Mashini yenye ilikuua wewe, kwangu itafaa. Unipe ile, na nyongeza ya gunia ya maharage, tumalize."

Maharage yalikuwa ya Constance. Alikuwa ameyachambua yote, hakuna jiwe.

Kabla ya kuachana, Kavuo alihamisha maneno ya mama kwenye mashini ndogo. Halafu aliyaweka pia ndani ya flash, kijiti kidogo kama kidole.

"Maneno ya muntu inakaaka mahali pawili," alimwambia Astrid. "Flash usiweke mu mufuko moja na mashini. Ukikimbia na kimoja, kingine kibakie. Na kila mustari mbili, uhifadhi. Na kila muntu mwenye kukaa mbele yake, hata dakika moja, umuonyeshe kuhifadhi kabla ya kumuonyesha A."

Astrid alinipa mimi flash niitunze; iko kwangu mpaka leo, shingoni, pamoja na msalaba.

*

Wiki ile Straton alikuja darasani kwangu. Zamani nilimwita mara nyingi, akakataa. "Mimi na kalamu, wapi na wapi?" Sasa alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mwalimu, unifundishe maneno saba tu."

Nilijua ni yapi. Nikaandika ubaoni: *straton bwana yangu nataka ujue ya kuwa*. Hakuna kitabu chenye somo la namna hiyo. Tulianza na S, herufi yake. Alikaa pale Constance alipokuwa anakaa. Ilichukua majuma manne.

Siku ya arobaini baada ya kifo tulifanya misa na kutoa kilio, kumaliza matanga. Mafuta yalikuwa yamekosekana tena siku mbili, jenereta zote kimya. Astrid aliweka mashini ndogo juu ya kiti, nje, bila waya yoyote. Ilikuwa imekunywa jua la Callixte tangu asubuhi. Alisoma yote. Kwenye viatu vya kuazima watu walicheka mpaka padiri akatazama miguu yake. Kwenye miti ya makaburi, watu wa Nyamitaba walilia, maana kila mmoja ana miti yake kule.

Halafu Astrid alisogea, na Straton akapiga magoti mbele ya kiti. Aliweka kidole juu ya kioo.

"Straton. Bwana. Yangu. Nataka. Ujue. Ya. Kuwa."

Watu walingoja.

"Imeishia pale," alisema. "Ingine ilipotea. Mashini nilichagua mimi, nilipenda ukubwa yake. Mama aliandika saa moja, na mimi sitajua."

Astrid alimshika mkono, akamwinua.

*

Sasa sekretaria ya Astrid inafanya kazi, mafuta yawepo au yasiwepo. Ameandika majina ya watoto wa wakimbizi kwa ajili ya shule, darasa kwa darasa, na hakuna jina lililopotea. Kila mteja anayetaka kuandika mwenyewe, anafundishwa kuhifadhi kwanza, hata akikasirika.

Na siku ya soko, mtu akitaka kununua mashini, anapita kumwita Papa Straton. Hataki malipo. Juzi nilimkuta na msichana mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, mbele ya meza ya muuzaji. Msichana alikuwa amependa mashini moja.

"Batri iko muzima kabisa, Papa," muuzaji alisema. "Huniamini?"

"Ninakuamini," Straton alisema, akachomoa waya. "Lakini tungojee."

Aliketi juu ya gunia. Tulingoja muda mrefu. Mashini iliendelea kuwaka. Straton alimwonyesha msichana kuhifadhi kwanza, halafu akamwambia ajaribu herufi zote.

"Niandike nini, Papa?"

Straton alifikiri kidogo.

"Andika: nataka ujue ya kuwa."

Msichana aliandika. Alihifadhi, kama alivyoonyeshwa. Halafu aliinua uso.

"Ya kuwa nini, Papa?"

Straton alitazama waya iliyolala chini mavumbini, halafu kioo.

"Umalizie wewe, mama," alisema. "Ingali inawaka."